Paja linauma: ukandwe, upumzike au ukimbie hospitali?

Kuna wiki moja pale nyumbani Ngamiani, Tanga, tulikuwa na mapaja mawili mabovu chini ya bati moja, langu na la shangazi. Ukituangalia wote tunachechemea, wote tunashika juu ya goti, wote wimbo ni ule ule "paja linaniuma", basi ungesema ugonjwa mmoja dawa moja. Mama akabandika mafuta ya nazi na karafuu jikoni yapate moto, akatuma mtoto akamwite bibi mmoja mkandaji wa barabara ya pili tukandwe kwa zamu. Mie kukandwa siku ile kungenichelewesha kupona, basi. Shangazi kukandwa kungeweza kumuua, na sitii chumvi, nitafika huko.

Kwa hiyo haya ni kwa yeyote aliyekaa kitandani saivi anajibonyeza paja, hajui aende duka la dawa, aite mkandaji, alale tu au atafute bajaji ya hospitali ya Bombo. Mi sio daktari. Ni mtu niliyeumia, nikauguza, nikauliza maswali mpaka fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akanizoea.

Tuanze na paja lenyewe, haraka haraka. Mfupa ni mmoja tu, mrefu na mgumu kuliko mifupa yote mwilini, karibu robo ya kimo chako, juu una kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe cha nyonga na chini unakutana na goti. Mbele kuna misuli minne mikubwa inayonyoosha goti, ndo hiyo unayopigia shuti na kupandia ngazi. Nyuma iko mitatu inayokunja goti, hii ndo watangazaji wa mpira wanaiita nyama za paja, "anatolewa nje, ameumia nyama za paja", ukiwa uwanja wa Mkwakwani unaona mchezaji anakimbia peke yake hajaguswa na mtu ghafla anashika nyuma ya paja kama kapigwa jiwe, ni hiyo. Upande wa ndani kuelekea kinena iko mingine mitano inayorudisha mguu katikati, na nje kuna utepe mpana mgumu unaoshuka toka nyonga mpaka chini kidogo ya goti. Katikati ya hizo nyama zinapita njia za damu na njia za fahamu, neva. Ya nyuma ndo neva nene kuliko zote mwilini, inatoka mgongoni chini inapita takoni inashuka nyuma ya paja mpaka mguuni.

Sasa hapa lugha yetu inatuponza kidogo. Mtu wa pwani akisema "nina mshipa pajani" kasema vitu vinne kwa mpigo, maana mshipa wa damu ni mshipa, neva ni mshipa, ule ukano unaosimama ukikaza mguu ni mshipa, na ngiri nayo mshipa, wengine hata busha wanaita hivo hivo. Muuguzi pale dirishani atachagua wake na wewe umekusudia wako. (Msuli nao usiseme, huku msuli ni nyama na msuli ni ile nguo mzee anajifunga akienda barazani.) Mi siku hizi sitaji mshipa kabisa, naeleza tu panauma wapi, kunaumaje, kulianza lini na nikifanya nini kunazidi. Daktari anafanyia kazi hayo manne, jina atatafuta mwenyewe.

Msuli au neva?

Hili ndo swali la kwanza kwa watu wengi wenye afya zao. Msuli una kumbukumbu ya siku, yaani utasema "ilikuwa Jumapili dakika ya ishirini, natoka mbio kuufata mpira". Mi ndo ilivyonikuta kwenye mechi ya maveterani, kitambi changu na kasi ya zamani havikuelewana, nikasikia kitu nyuma kama mpira wa manati umekatika nikakaa chini palepale. Maumivu ya msuli yanakaa sehemu moja, ukibonyeza kwa kidole unasema hapa hapa, ukikaza msuli huo yanazidi, ukiuvuta yanazidi, ukilala kimya yanatulia. Siku ya pili ya tatu inaweza kutoka alama ya damu ya zambarau na mara nyingi inatokea chini ya pale palipoumia, karibu na goti, kwa sababu damu inashuka kama maji, usishtuke ukadhani kuna jeraha jipya.

Neva haina adabu hiyo. Inatembea. Inaanzia kiunoni au takoni inashuka nyuma ya paja inapita goti inaenda mpaka kwenye unyayo, inachoma, inapiga kama shoti ya umeme, inaleta ganzi au wadudu wanatambaa, na unaweza kubonyeza paja lote usipate mahali pa kusema hapa. Kukaa muda mrefu kunaizidisha, kukohoa na kupiga chafya kunaizidisha, jambo ambalo msuli wa paja hauna habari nalo, we ukipiga chafya paja linahusika nini? Ndo maana ukikandwa paja wiki nzima haliponi, umekanda pale kelele inaposikikia tu, tatizo liko kwenye uti wa mgongo, aghalabu ile diski kati ya pingili imetoka ikabana mzizi wa neva. Watu wa mkonge wanaoinama kutwa nzima na wapakiaji mizigo wanaijua hii vizuri.

Habari njema ni kwamba wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 4 mpaka 6 bila kisu, na kulala kitandani siku nyingi hakusaidii, kutembea tembea kunasaidia zaidi. Ila kuna hali moja hapa haingoji kesho: ganzi kwenye sehemu unazokalia na sehemu za siri, mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe, choo hukizuii, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu. Hiyo ni usiku huo huo, hata kama ni saa nane, gari itafutwe.

Neva ikibanwa juu kidogo mgongoni maumivu yanakuja mbele ya paja badala ya nyuma, na wenye sukari wana yao ya peke yake, paja la mbele linauma vibaya hasa usiku, kisha baada ya muda nyama zinapungua na goti linaachia ukishuka ngazi. Mwenye sukari akiona paja moja limekuwa jembamba kuliko lenzie asiseme uzee.

Moto wa nje ya paja

Jirani yangu mmoja dereva wa boda pale karibu na barabara ya 12 alikuja na malalamiko ya ajabu, eti upande wa nje wa paja la kulia unawaka moto kama umemwagiwa pilipili, akigusa na kitambaa cha suruali panasumbua, lakini nguvu anazo zote, mpira anacheza, pikipiki anapiga kiki. Kaenda kupimwa mgongo, kanunua vidonge, kachuliwa, wapi. Ilikuwa ile neva ndogo ya ngozi inayopita kwenye kona ya mfupa wa nyonga pale mbele unapofunga mkanda. Kazi yake ni kuhisi ngozi tu, haiendeshi msuli wowote, ndo maana ganzi na moto vipo lakini mguu haukosi nguvu. Na yeye alikuwa anavaa jinzi ya kubana, mkanda umekazwa, juu yake kipochi cha pesa kimefungwa kiunoni tangu asubuhi mpaka saa nne usiku.

Wajawazito wanaipata, watu wenye vitambi wanaipata, wenye sukari, wanaosimama kutwa. Ukiilinganisha na ile ya mgongo: hii haipiti goti, haishuki mpaka kwenye unyayo, haijali chafya, na kila siku iko kwenye kiraka kile kile kama kiganja cha mkono kilichofunguliwa. Jamaa akalegeza mkanda, akahamisha kipochi kwenye begi la begani, wiki kadhaa ikaanza kuisha. Dawa ya bure kabisa na nadhani ndo sababu hakuna aliyemwambia mapema.

Kabla sijasahau, moto wa upande mmoja unaoanza ghafla alafu baada ya siku mbili tatu vinatoka vipele vya maji vimepanga mstari, huo ni mkanda wa jeshi, nao unapenda paja wakati mwingine. Nenda mapema maana dawa yake inafanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72 toka vipele vitokee.

Paja langu na paja la shangazi

Sasa turudi nyumbani. Shangazi alikuwa katoka Dar siku nne nyuma. Wiki tatu kabla alifanyiwa operesheni ya kizazi, akalala kitandani kwa wanawe huko, kisha akapanda basi mpaka stendi ya Kange hapa Tanga, masaa sita na ushee amekaa dirishani miguu imekunjwa, hashuki hata Segera kwa kuogopa kuachwa. Kufika tu anasema paja la kushoto zito. Kesho yake zito zaidi na linauma. Yeye mwenyewe alishaamua.

"Shikamoo shangazi, umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu. N'meamka na huu mguu, kiti cha basi tu hiki, nikandwe nitengemae."

Duka la dawa moja tulipomtuma mtoto wakampa dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu, hawakuuliza swali hata moja, ni la mtu mzima au la mtoto, limevimba au halijavimba, hakuna.

Aliyetuokoa ni binti wa nyumba ya mbele, muuguzi, alipita kumsalimia tu. Akamwambia "shangazi hebu nione yote miwili". Neno dogo hilo ndo lilobadilisha mambo maana sisi wote tulikuwa tunaangalia mguu unaouma peke yake. Ukiuweka kando ya mwenzie unaona: wa kushoto umejaa toka pajani mpaka kwenye kifundo, ngozi imevutika inang'aa, ukishika una joto kuliko wa kulia. Kwenye ngozi zetu nyeusi ule wekundu wanaouandika vitabuni huuoni, usiutafute, tafuta kung'aa, kukaza na joto. Akaomba futi ya fundi cherehani, mama anayo, akapima mashavu ya miguu, sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, mguu huu na huu. Kulia 34, kushoto 39. Tofauti ikizidi sentimita 3 ni alama wanayoihesabu kabisa, na yeye alikuwa na operesheni, kitanda na safari vyote kwa pamoja. Damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa.

Tulikuwa tumebakiza dakika chache bibi mkandaji aanze. Shida ya kukanda hapo ni kwamba lile bonge la damu linaweza kuachia likapanda na damu mpaka moyoni likatupwa mapafuni likaziba, mtu anaanza kuhema, kifua kinachoma akivuta pumzi, anakohoa damu, na wengine hawafiki hata barabarani.

Mkiyaweka mapaja yetu pembeni kwa pembeni: langu lina siku na dakika lilipoumia, la shangazi limekuja taratibu bila kuanguka wala kujikwaa. Langu linauma nikilikaza tu, lake linauma hata akikaa na linazidi akisimama. Langu uvimbe uko mahali pamoja, lake mguu mzima. Langu nyuma pana alama ya damu, lake linang'aa. Mimi nina kitambi na ujinga wa kukimbia bila kupasha, yeye ana sababu zote za damu kuganda. Sababu zenyewe uzijue kwa moyo: operesheni ya karibuni, kulazwa muda mrefu, ujauzito na zile wiki 6 baada ya kujifungua, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, saratani, safari ya kukaa zaidi ya masaa manne, au kama wewe au ndugu yako wa damu ilishawahi kumtokea. Mjamzito hasa, na kwake mguu wa kushoto ndo unashikwa zaidi. Kwa wajawazito watu wamezoea kusema miguu kuvimba ni kawaida, sawa, miwili kuvimba jioni ni kawaida, mmoja kuvimba ukauacha mwenzie sio kawaida.

Na sisi watu wa Tanga tuna kichaka kingine cha kujifichia, matende. Mguu mmoja ukivimba mzee atasema matende hayo, tushazoea. Matende yanakuja kwa miezi na miaka, na vipindi vya homa na mitoki kinenani, ngozi inakuwa nene ngumu. Haiji kwa siku nne. Mtoki wenyewe, ile tezi ya kinenani, ukiupata tazama kwanza unyayo wako, mara nyingi kuna kidonda au mchubuko kati ya vidole umeusahau.

Shangazi alipigwa altrasaundi ya mishipa, bonge likaonekana pajani, akaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda. Miezi 3 kwenda juu. Kipindi hicho anatolewa damu mara kwa mara kupimwa kama dozi imekaa sawa, dawa za maumivu kama diklofenaki na jamaa zake marufuku zisije zikamtoa damu tumboni, na kuhusu kisamvu na matembele hakukatazwa kama alivyodhani, aliambiwa ale kiasi kile kile kila wiki, sio leo sufuria zima kesho hata jani, maana mboga za majani zinavutana na ile dawa yake. Huo ugomvi wa kisamvu ulituchosha kuliko mguu.

Mzee wa baiskeli

Hii ndo naipenda kuliko zote kwa sababu ni ya kwetu kabisa, mji umejaa baiskeli. Kuna wazee wakitembea mita mia mbili tatu mapaja na mashavu ya miguu vinauma, vinakuwa vizito, lazima wasimame. Wakipumzika yanaisha, wakianza tena yanaanza. Hapo kuna vitu viwili vinafanana sana. Kimoja ni mishipa mikubwa ya damu imeziba ziba kwa mafuta, hasa wavuta sigara, wenye sukari na presha, misuli inadai damu haipati. Kingine ni uwazi wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba kwa umri, neva zinabanwa mtu akisimama wima.

Utofautishe vipi bila mashine? Mpe baiskeli. Mwenye mgongo akiinama kwenye usukani ule uwazi unapanuka, anaendesha toka Chumbageni mpaka Raskazone hana neno, lakini akishuka kutembea hatua chache anatafuta pa kukaa. Mwenye mishipa ya damu hata juu ya baiskeli paja na shavu la mguu vitauma, msuli unafanya kazi ile ile na damu ni ile ile haitoshi. Tena wa damu akisimama tu wima anapata nafuu, wa mgongo lazima akae au ainame, utamuona sokoni kaegemea toroli. Sio kipimo cha mwisho, ila ukifika kwa daktari na taarifa hiyo umemrahisishia kazi. Wa damu aende mapema hasa akiona vidole vya mguu vya baridi au kidonda hakiponi, na sigara iishe siku hiyo hiyo.

Nyonga inayosingizia paja

Nyonga ikiharibika haisemi nyonga, inasema kinena, inasema paja la mbele, mara nyingine inasema goti kabisa, watu wanapigwa eksrei ya goti goti zima linaonekana zuri. Mtu mzima asiyeweza kukata kucha za mguu wake mwenyewe, akishuka kwenye bajaji anaushika mguu kwa mikono miwili kuutoa, huyo apimwe nyonga. Mwenye selimundu (siko seli) hata kijana wa miaka ishirini akianza maumivu ya kinena na paja yasiyoisha, asiseme ni yale yale ya kila siku, kichwa cha mfupa kinaweza kuwa kinakosa damu kinakufa taratibu, na kikiwahiwa ni tofauti na kikichelewa.

Bibi kizee akianguka chooni hata kwa kuteleza kidogo, akasema paja na kinena vinauma na mguu ukaonekana mfupi, unyayo umegeukia nje, huo umevunjika shingo ya mfupa, hakuna kukanda hakuna kuvuta, abebwe kama alivyo. Na kijana wa boda aliyevunjika paja katikati anaweza kumwaga lita moja na nusu ya damu ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje, kwa hiyo usimsimamishe, funga mguu pamoja na wa pili au na ubao, mpeleke.

Kwa mtoto mi nina sheria moja, akichechemea na analalamika paja au goti zaidi ya siku moja mbili bila kuanguka, aende akapimwe nyonga. Akichechemea na ana homa, siku hiyo hiyo. Homa kwenye paja inabadilisha kila kitu hata kwa mkubwa, maana nchi za joto kama hizi usaha unaweza kutunga ndani kabisa ya msuli wa paja, jipu lisiloonekana juu, wiki ya kwanza linafanana na kuteguka tu, mtu anachuliwa, wiki ya pili paja gumu kama mti na homa kali. Hilo linataka dawa za bakteria na mara nyingi kufunguliwa, na kulichua ni kulitia kuni.

Barafu au moto, kuchua au kuacha

Tuseme umeshajiridhisha ni msuli. Siku 2 mpaka 3 za mwanzo ni barafu, imefungwa kwenye kitambaa, dakika 15 mpaka 20 kisha unatoa, mara kadhaa kwa siku. Mi nilinunua zile barafu za ukwaju za jirani, zikiyeyuka nakunywa. Bandeji ya kubana kiasi, mguu juu ya mto. Moto na kuchua kwa nguvu siku hizo vinaongeza damu kuvuja ndani. Na kama umegongwa paja na goti la mtu, lile pigo linaloacha nyama imevimba kama embe, hapo kukandwa mapema ni kubaya zaidi, msuli unaweza kuja kuota mfupa ndani, kweli mfupa, unakaa miezi na goti halikunji vizuri. Baada ya hapo ndo maji ya moto na mafuta ya mama yana raha yake, polepole.

Mchaniko mdogo ni wiki 1 mpaka 3, wa kati wiki 4 mpaka 8, uliokatika kabisa ni miezi na pengine kisu, na huo mara nyingi unaona shimo au bonge pale msuli ulipojikunja na kukanyaga huwezi. Kosa langu nililorudia ni kurudi uwanjani siku maumivu yalipoisha, nikachanika tena palepale. Maumivu kuisha na msuli kupona ni vitu viwili. Fizio akanipa lile zoezi la kupiga magoti, mtu anakushika vifundo vya miguu, wewe umenyooka unajiachia mbele polepole kadiri unavyoweza kabla hujaangukia mikono. Linauma roho, lakini wachezaji wanaolifanya mara kwa mara majeraha ya nyama za paja yamepungua karibu nusu.

Vidonge, panadoli kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni zinafanya kazi lakini mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au mjamzito asinunue kichwa kichwa. Na ile tabia ya "nichome sindano ya diklo ipoe haraka" siipendi kabisa, sindano ya takoni ikichomwa vibaya inaikuta ile neva nene, umeenda na paja linalouma unarudi na unyayo unaoburuza. Kama lazima uchomwe, iwe robo ya juu upande wa nje.

Uende wapi

Msuli mdogo, unatembea, hakuna uvimbe wa mguu mzima, hakuna homa: kaa nyumbani na barafu yako. Umechanika kiasi cha kushindwa kukanyaga, au limekujia mara ya pili, mtafute fizio, mi pesa niliyompa naona ni ndogo kuliko niliyopoteza kwenye dawa za kuchua. Neva inayotembea mpaka unyayoni, zahanati au kituo cha afya kwanza, wiki sita hola basi juu zaidi. Mguu mmoja umevimba, paja na homa, ameanguka mzee, mtoto anachechemea, mkojo umekataa, usipite popote njiani, moja kwa moja hospitali yenye vipimo, kwetu huku ni Bombo ndo hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mkandaji sijamfuta. Yule bibi wa barabara ya pili siku ile hakukasirika kurudishwa na mafuta yake, alikaa akasikiliza binti anavyoeleza, akaishika ile futi akaigeuza geuza. Juzi nimempeleka mama bega likamuuma, nikamkuta na mteja wa mguu, na kabla hajachovya mkono kwenye mafuta namsikia anamwambia, "Hebu vuta kanga, n'toleeni yote miwili niione."